Ile Taa ya Kigari Kinachoteleza

Mada hii ilitolewa na msimamizi wa gereji yetu mbele ya madereva na wakuu wa vituo. Tunaichapa karibu kama alivyoisema, kwa kuwa madereva wengi wa vituo vya mbali hawakuweza kufika.



Nimeambiwa nina muda mpaka saa ya chai, na najua baadhi yenu mmesafiri usiku kucha, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Nimeombwa nizungumzie mitambo inayozuia magurudumu kuzunguka bure na gari kuacha njia. Kwenye Toyota imeandikwa TRC na VSC. Kwenye Nissan mtakuta VDC, Honda wanaandika VSA, Mitsubishi ASC, na magari mengi ya Ulaya ESP. Msihangaike na herufi, kazi ni ileile. Na picha ya taa inafanana: kigari kidogo kinachoonekana kwa nyuma, chini yake mistari miwili iliyopindapinda.

Kabla sijaeleza mtambo wenyewe, nataka niwaambie kosa langu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2016 gari moja la idara ya afya lililetwa gerejini kubadilishwa oili. Dereva wake, mzee mmoja makini sana, aliandika kwenye fomu kwamba taa ya ABS na ya VSC zinawaka muda wote. Niliingia chini ya gari nikaona waya wa sensa ya gurudumu la nyuma kushoto umekatwa, pengine na jiwe. Spea haikuwepo stoo, ilibidi iagizwe Dar es Salaam, na gari lilitakiwa kesho yake kupeleka chanjo vijijini. Breki zilikuwa zinashika vizuri. Basi nikaandika kwenye fomu, "Si ya haraka", nikasaini.

Wiki tatu baadaye, mvua ikinyesha, gari lile liliacha njia kwenye kona ya lami. Mkia ulichomoka, gari likageuka, likalala ubavu mtaroni. Dereva alitoka na michubuko. Dada muuguzi aliyekaa nyuma alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika kwamba waya ule ungekuwa mzima gari lisingeanguka. Lakini gari kugeuka mkia mbele kwenye kona yenye maji ndiyo ajali hasa ambayo mtambo ule ulitengenezwa kuizuia, na siku ile haukuwa kazini. Maneno "si ya haraka" ni yangu na sahihi ni yangu. Ndiyo maana nilipoombwa kuzungumza leo sikuweza kukataa.

Sasa tuanzie chini kabisa, kwenye tairi.

Gari la aina ya Prado lina uzito wa zaidi ya tani mbili, na linagusa barabara katika sehemu nne tu, kila moja inakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kila unachoomba, uwe mwendo, kona au breki, unaviomba viganja hivyo vinne, na vina kiasi fulani cha kushika na si zaidi. Penye lami kavu vinashika sana. Penye maji, mchanga au changarawe vinashika kidogo. Ukipiga breki kwa nguvu huku unakata kona, vitu viwili vinagombania akiba ileile, na ikiisha, tairi linateleza. Halafu kuna mwendo. Ukiingia kona ileile kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, nguvu ambayo matairi yanatakiwa kutoa ili kukushikilia barabarani haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu hakuna kompyuta inayoweza kulibadilisha.

Mtambo wa kwanza kuja ulikuwa ABS. Breki za ABS za elektroniki za Bosch zilianza kufungwa kwenye magari makubwa ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Kila gurudumu lina sensa, yaani kifaa kidogo kinachohesabu mzunguko wake. Ukikanyaga breki na gurudumu moja likataka kusimama kabisa wakati gari bado linakwenda, kompyuta inaona, inalegeza breki ya gurudumu lile, inaikaza tena, inalegeza, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Faida kubwa ni kwamba gurudumu linalozunguka bado linasikia usukani. Lililofunga halisikii, linakwenda moja kwa moja popote uzito unapolisukuma.

Sisi wa zamani tulifundishwa kupampu breki kwa mguu. Kwenye gari lenye ABS acha. Kanyaga kwa nguvu, bana hapohapo, elekeza usukani unakotaka. Pedali itatetemeka na utasikia mkwaruzo chini. Dereva mmoja aliniletea gari akiniambia breki zimekufa kwa sababu zilimtetemekea mguuni, kumbe alipoona mtetemo aliondoa mguu, na ng'ombe wa watu akagongwa. Jambo moja tu la tahadhari: kwenye changarawe iliyolegea, ABS inaweza kukusimamisha mbali zaidi kuliko gurudumu lililofunga, kwa sababu gurudumu lililofunga hujichimbia na kurundika kokoto mbele yake. Kwenye barabara za vumbi ongezeni nafasi.

Baadaye, katika miaka ya 1980, wahandisi walifikiri hivi: kama sensa zinaweza kutuambia gurudumu linalotaka kusimama, zinaweza pia kutuambia gurudumu linalozunguka bure. Hiyo ndiyo TRC, na hapa inabidi niseme kuhusu difu.

Difu ya kawaida inagawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli moja na kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ni kifaa kizuri lakini kina udhaifu mmoja. Gurudumu moja likiingia kwenye utelezi, la pili lililo pakavu halipati nguvu kuzidi ile kidogo inayopokelewa na lile linaloteleza. Ndiyo maana unaona gari limekwama na gurudumu moja linazunguka kama feni huku la upande wa pili limetulia tuli. TRC inafanya jambo la ajabu kidogo: inapiga breki gurudumu linalozunguka bure, lenyewe peke yake, bila mguu wako kugusa pedali. Gurudumu lile likizuiwa, difu inahisi uzito, na nguvu inafika kwa mwenzake aliye pakavu. Wakati huohuo kompyuta inapunguza nguvu ya injini ili usiendelee kuchimba.

Hapo kuna mtego, na nimeona umewanasa madereva wazuri. Kwenye tope zito au mchanga mwingi, magurudumu yote yanateleza. TRC inaona utelezi kila mahali, inapunguza injini, unakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari linanung'unika tu pale lilipo. Siku moja niliitwa kwa simu kwamba gari limekosa nguvu njiani. Fundi wa kijijini alishafungua filta ya dizeli na kupuliza mabomba ya mafuta, saa nne zimepotea, kumbe gari zima kabisa. Kilichotakiwa ni kubonyeza kitufe.

Kwenye Toyota nyingi, ukibonyeza kitufe hicho mara moja unazima TRC peke yake. Ukikishikilia kama sekunde tatu gari likiwa limesimama, unazima TRC na VSC pamoja. Baadhi ya magari huzima yenyewe ukiingiza gia nzito ya magurudumu manne. Ukishatoka kwenye tope, washa tena. Ukizima injini na kuiwasha, mtambo unarudi wenyewe, lakini usingojee hilo, maana kutoka kwenye tope mpaka kwenye lami pengine hutazima injini hata mara moja. Na kama kipande cha tope ni kirefu, usiitegemee TRC kama kufunga difu. Inafanya kazi kwa kutumia breki, na breki zinapata moto.

Nikija kwenye VSC yenyewe, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Ilianza kuuzwa kwenye gari la Mercedes-Benz mwaka 1995 kwa jina la ESP, kazi ya Bosch na Mercedes kwa pamoja. Kiongozi wa wahandisi wa Bosch katika kazi hiyo, Anton van Zanten, mzaliwa wa Uholanzi, alipewa tuzo ya wavumbuzi wa Ulaya mwaka 2016 kwa kazi ya maisha yake.

Waliongeza vitu viwili. Cha kwanza ni sensa kwenye usukani, inayosema dereva anataka kwenda wapi. Cha pili ni sensa katikati ya gari, inayohisi gari lenyewe linageuka kwa kasi gani na linasukumwa upande gani. Kompyuta inalinganisha: huyu ameomba kona kiasi hiki, je, gari linageuka kiasi hicho? Bosch wanasema ulinganisho huo hufanyika mara 25 kila sekunde. Jibu likiwa ndiyo, mtambo unakaa kimya, na unaweza kuendesha mwezi mzima usijue kwamba upo. Jibu likiwa hapana, kuna hali mbili.

Hali ya kwanza, pua imegoma kuingia kona. Umekata usukani kushoto, gari linakwenda mbele kuelekea ukingoni. Hapo VSC inapiga breki hasa gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona, na gari linajivuta kuzunguka gurudumu lile kama punda aliyevutwa kamba upande mmoja. Hali ya pili, mkia umechomoka na unataka kutangulia kichwa. Hapo inapiga breki gurudumu la mbele la upande wa nje, na mkia unarudi nyuma unakostahili kuwa. Katika hali zote mbili inapunguza nguvu ya injini. Mguu wako mmoja kwenye pedali moja hauwezi kupiga breki gurudumu moja tu. Hata awe dereva bingwa kiasi gani, hilo hawezi.

Naona kaka pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachofikiri: miaka ishirini nimeendesha Hardtop bila mambo hayo. Ni kweli, na nakuheshimu kwa hilo. Lakini sikiliza kisa kimoja. Mwaka 1997 gazeti moja la magari la Sweden lilijaribu gari jipya dogo lakini refu kwenda juu, Mercedes A-Class. Jaribio lenyewe ni la kukwepa ghafla na kurudi njiani, kama mtu anayemkwepa mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu ambaye huko kwao hukatiza barabara. Gari likapinduka mbele ya waandishi. Kampuni ilisimamisha kuwapelekea wateja magari hayo kwa muda, ikarekebisha chasi, na ikaamua kwamba kila A-Class itafungwa ESP bila kulipiwa zaidi. Mpaka hapo ilikuwa mali ya magari ya matajiri.

Sisi hapa hatuna mnyama yule. Tuna ng'ombe, punda, mtoto anayekimbilia mpira na bodaboda anayeingia barabarani bila kuangalia. Unakata usukani kumkwepa, unaurudisha haraka ili usiingie mtaroni, na ni pale pa kurudisha ndipo mkia unapochomoka. Magari yetu nayo ni marefu kwenda juu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipotoa kanuni ya kulazimisha mtambo huu mwaka 2007, ilikadiria kwamba unapunguza ajali za gari moja peke yake kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na kwa asilimia 59 kwa magari marefu ya aina ya Prado na wenzake. Hesabu ni za Marekani na barabara zao, lakini mwone nani anafaidika zaidi. Huko magari yote mapya ya abiria yalitakiwa kuwa nao kuanzia modeli za mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ulikamilisha kwa magari yote mapya mwaka 2014.

Kwetu tunanunua mengi yaliyotumika. Kwa hiyo msidhani kwamba gari likiwa zuri linao. Hili mnaweza kulijua wenyewe bila fundi. Washa swichi bila kuwasha injini na uangalie dashibodi. Taa zote zinajionyesha. Kile kigari chenye mistari kinapaswa kuwaka, halafu kuzimika baada ya sekunde chache injini ikiwa imewashwa. Kisipowaka kabisa, ama gari halina mtambo huo, ama kuna mtu ameiondoa taa. Msicheke, nimeyaona. Mtu anauza gari, taa inamtia aibu, anamlipa fundi aiue. Gari moja tulilonunua tulikuta kipande cha plasta nyeusi kimebandikwa vizuri nyuma ya kioo cha dashibodi.

Ukiwa njiani, taa hiyo ikimetameta, maana yake mtambo unafanya kazi sasa hivi. Gari limeanza kuteleza na umeshikwa mkono. Punguza mwendo, usishangilie. Ikiwaka bila kumetameta, mtambo umezimwa au una hitilafu, na hakuna wa kukushika. Breki za kawaida zipo, gari linaendesheka, lakini umerudi kwenye Hardtop ya mwaka 1985, na inabidi uendeshe hivyo mpaka ufike gerejini. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ile ya ABS, hapo ni jambo jingine kabisa. Simama mahali salama upige simu.

Hitilafu nyingi si kubwa. Tope likiganda kwenye sensa, waya ukikatwa, beringi ya gurudumu ikilegea, kompyuta inapata hesabu mbaya na inajiondoa. Matairi ya saizi tofauti nayo yanaichanganya, kwa sababu tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi na kompyuta inadhani linateleza. Wakuu wa vituo, hili ni lenu: mkinunua tairi moja la bei nafuu sokoni lisilolingana na mengine, mnaweza kuwa mnazima VSC bila kujua. Baada ya alaimenti, wakati mwingine hata baada ya kuchomoa betri, sensa ya usukani inatakiwa kufundishwa upya wapi ni katikati. Na kwenye Toyota nyingi, taa ya injini ikiwaka, VSC nayo inajizima, basi dereva anakimbilia breki wakati ugonjwa uko kwenye injini. Hapo ndipo mashine ya kusoma makosa inapotusaidia, na namshukuru Mwenyekiti kwa kukubali tuinunue.

Kuna vitu ambavyo mtambo huu hauvijui. Kwa magari tuliyo nayo, haujui kwamba umepakia magunia sita ya mahindi juu ya keria. Unapima kona kama gari lilivyotoka kiwandani, na wewe umehamisha uzito kichwani. Haujui kwamba matairi yamekuwa vipara. Utapiga breki gurudumu sahihi kwa wakati sahihi, na kiganja kile hakitakuwa na kitu cha kushikia. Haujui kwamba shokapu zimekufa na gurudumu linarukaruka hewani kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi. Tena haujui unachowaza, unajua usukani tu. Ukishikwa na hofu ukauzungusha ovyo, utajitahidi kutii unavyozungusha. Tazama pale unapotaka kupita, elekeza hapo, mikono itafuata macho.

Na magurudumu manne, ndugu zangu, ni ya kuondokea. Hayakusaidii kusimama wala hayakuongezei kona. Magari mengi niliyoyavuta mtaroni wakati wa masika yalikuwa na magurudumu manne yanayovuta na dereva mwenye imani nayo.

Kuhusu fomu ya matengenezo, tumeibadilisha. Taa ya ABS au VSC ikiandikwa, fundi hawezi tena kuandika "si ya haraka", hata mimi siwezi. Ana mambo mawili: kutengeneza, au kuandika kwamba gari halibebi abiria hadi spea ifike. Najua wakuu wa vituo mtanikasirikia mara mbili tatu kwa mwaka, safari ya chanjo ipo na gari limefungiwa. Tumeweka sensa za akiba stoo ili mnikasirikie kidogo. Yule dada muuguzi alinisaidia kuandika maneno ya fomu hiyo, na yeye ndiye aliyetaka dereva naye asaini pamoja na fundi.

Sasa naona chai bado haijaiva. Tutoke nje, Prado ipo chini ya mwembe. Nataka kila mmoja akae kwenye usukani, awashe swichi, aniambie anaona taa gani na zinazimika kwa mpangilio gani. Ukimaliza nenda kwenye gari ulilokuja nalo ufanye hivyohivyo. Atakayekuta kigari kile hakizimiki aniandikie namba ya gari kabla hajaondoka, mafundi wangu wawili wapo na vifaa vyao.